Kava Jipya Sebuleni kwa Bibi

Kashai, Bukoba
Usiku wa kuamkia safari yako

Kemilembe mwanangu,

Mama yako ameshakuambia yote ya safari: blanketi lipi ubebe, kiti gani usikae kwenye gari, ndizi zipi ni za kula wewe na zipi ni za mke wa baba yako mdogo. Nilikuwa hapa sebuleni nikimsikia anarudia rudia, na wewe unaitikia "ndiyo mama" huku akili iko kwingine. Kwenye hayo sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu, na kwa kuwa tangu Jumapili tunapishana humu ndani kama wapangaji wawili waliogombania ndoo, nimeona niliandike.

Nitalisema mapema ili usihangaike kulitafuta kati ya mistari. Umeniumiza. Baba yako mdogo Muganyizi aliniumiza kwanza, na nilidhani hakuna mtu atakayenifikia pale aliponifikia yeye. Wewe umepafika kwa sauti ya chini, huku unakunja nguo.

Kesho unakwenda Muleba kufanya kazi kwake, dukani kwake na kwenye zile nyumba mpya anazofunga umeme. Kazi ni nzuri, sikatai. Umetoka chuo cha ufundi na cheti chako, ukarudi kunibebea ngazi hapa Kashai, na kwangu siku hizi simu haiiti. Kwa nini haiiti, wewe unajua vizuri kuliko mama yako.

Unakumbuka ule ubao wangu wa kufundishia, uliopo nyuma ya mlango wa stoo? Nimeutoa leo mchana nikaupangusa vumbi. Vyote vipo bado. Swichi ya kawaida ya kitufe kimoja, ile ya vitufe vitatu kwenye kava moja, swichi ya kamba ya bafuni, kitufe cha kengele ya mlangoni ambacho ulikuwa unakibonyeza mpaka mama yako anatishia kuuchoma ubao wote. Ipo na ile ya kuzungusha ya kupunguza mwanga, niliyopewa na mteja aliyeamua kwamba mwanga nusu ni mambo ya baa. Chini kuna soketi: ya zamani ya matundu ya duara, na hii ya sasa ya pini tatu za mraba.

Ulikuwa bado unavaa sare ya shule ulipoikalia hiyo soketi ya mraba jioni nzima ukitaka kujua kwa nini matundu ya chini yamefungwa kwa ndani. Nikakuonyesha kwamba hufunguka pini ndefu ya juu ikiingia. Ukaniambia, "Lakini Tata, watu wote wanachomeka kalamu." Na ni kweli. Kila chumba cha kupanga hapa Kashai kina kalamu iliyokwisha wino, kazi yake ni kusukuma tundu la juu ili chaja ya pini mbili iingie. Nilikuambia tundu lile ni la waya wa ethi, ule unaokuokoa pasi ikiharibika ukiwa umeishika, na kwamba kuna mafundi wanaofunga soketi nzuri, safi, yenye matundu yote matatu, na nyuma ya lile la juu hawajafunga waya wowote. Ulikasirika kweli. Ukauliza kwa nini hawakamatwi. Nilikupenda sana siku ile.

Kwenye ubao huo pia kuna kava tupu, lile lisilo na kitufe wala tundu, la kufunikia boksi ambalo halitumiki. Nikakuambia hicho ndicho kifaa nisichokipenda kuliko vyote, kwa sababu ukutani kinaonekana kitulivu na nyuma yake hujui fundi ameacha nini. Ukacheka, ukasema kava limekukosea nini Tata. Leo nalikumbuka hilo swali na sioni cha kucheka.

Halafu kuna swichi ya njia mbili. Hiyo nilikuwa nikifika naiharakisha, na hukuwahi kuniuliza kwa nini. Nikuambie sasa.

Mimi na Muganyizi tulipokuwa vijana tulipata kazi Kemondo, nyumba ya kulala wageni, karibu na wanakoshushia dagaa. Mimi nilikuwa nimeshajifunza, yeye nilikuwa namfundisha. Kulikuwa na korido ndefu yenye giza, na mwenye nyumba alitaka mgeni awashe taa akiingia na aizime akiwa mwisho, bila kurudi. Muganyizi alikuwa hajawahi kuona kitu hicho. Nilimchorea kwenye mfuko wa saruji, waya huu hapa, waya huu kule, akafunga mwenyewe. Tulipowasha, yeye akasimama mwisho mmoja na mimi mwingine. Anawasha, nazima. Nazima, anawasha. Watu wazima wawili wenye ndevu, tunacheka mpaka mwenye nyumba akatoka na kanga ya mke wake akauliza kama tumelewa. Usiku tulilala chumba kimoja kinachonuka dagaa, na Muganyizi akaniambia gizani, "Kaka, mimi kazi hii siiachi." Hakuiacha. Kila anachokijua kuhusu umeme kimetoka kwenye mkono wangu, na mimi nilikuwa najivunia hilo kama mzazi.

Ndiyo maana tulipokwenda kumfungia mama yangu umeme kule kijijini Muleba, sikukagua kazi yake.

Hilo ndilo kosa langu katika jambo hili, na sitalipunguza. Tulikuwa watatu, wewe unajua. Mimi nilifunga vyumba vya kulala, jiko na meni swichi, ile ya kuzimia nyumba nzima. Sebule na veranda nikamwachia Muganyizi, na wewe ukawa naye darini. Jioni akaja akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, akasema, "Kaka, sebuleni nimemaliza, funga tu kava." Nikafunga kava. Nilikuwa na testa ya kupimia umeme mfukoni na sikuitoa. Ningekuwa nakagua kazi ya mtu baki ningefungua kila kitu. Ya ndugu yangu niliona kuikagua ni kumvunjia heshima.

Taa ikawaka. Bibi yako akapiga vigelegele, akaizima, akaiwasha tena, akasema sasa hata shetani akija atamwona. Kabla hatujaondoka nilimshika mkono nikampeleka kwenye swichi. Nikamwambia, "Mae, siku ukitaka kubadilisha taa, zima hapa kwanza. Usiguse holda, pale taa inapokaa, swichi ikiwa imewashwa." Akarudia baada yangu, kama mtoto wa katekisimu.

Msimu wa senene uliofuata, alifanya wanachofanya watu wote kule kwetu. Senene wanapoanza kuruka, nyumba nzima hutafuta ile taa yenye mwanga mkali kuliko zote, huitoa ndani na kuipeleka nje, ili waje wajibwage verandani, waokotwe wakaangwe. Ile kali ilikuwa ya sebuleni. Bibi yako akaizima kwenye swichi, akavuta stuli, akapanda. Taa zile ni za pini, unasukuma kwa juu, unazungusha, inatoka. Ikatoka. Kidole kikaingia kwenye holda.

Hayo ya kuanguka na nyonga nayaacha, uliyaona hospitali. Ninalotaka ukumbuke ni alichoniambia nilipofika kitandani kwake. Hakulia. Alisema, "Nilizima, mwanangu. Nilifanya ulivyoniambia."

Na kweli alizima. Wewe na mimi tunajua kinachotokea fundi akipitisha nyutro, ule waya mweusi wa kurudisha umeme, kwenye swichi badala ya waya mwekundu wa moto. Taa inazimika vizuri tu, na moto unabaki umekaa pale pale kwenye holda unangoja kidole. Mtu wa kawaida hawezi kuona tofauti. Swichi inafanya klik ile ile.

Halafu kikao cha ukoo. Ta Laurenti, kaka wa marehemu babu yako, aliketi kwenye kiti cha mkono, ndugu wakajaa, na wewe ukawa unapitisha kikapu cha kahawa za kutafuna. Akauliza, "Umeme wa sebule alifunga nani?" Nilikuwa nafungua mdomo kusema ni Muganyizi, ila pengine tukague kwanza. Muganyizi akaniwahi. Akasema kwa upole, macho yake chini, "Tata, kaka ndiye fundi mkuu. Mimi nilikuwa msaidizi wake tu. Hata kava alifunga yeye."

Hata kava nilifunga mimi. Sijawahi kusikia uongo uliotengenezwa kwa kweli tupu namna ile.

Nilikutazama. Ulikuwa umefika kwa Ta Laurenti na kikapu, mgongo wako umeinama, na sikuona uso. Nikasema moyoni, mtoto ana adabu, haingilii mazungumzo ya wazee. Ukapitisha kikapu kwa Muganyizi, naye akachukua punje zake akasema, "Asante, mwanangu." Kisha ukaja kwangu. Mimi sikuchukua.

Nilijibu kwa hasira, hilo unalijua pia. Nilisema kama ndivyo mnavyoniona, basi, na nikatoka bila kumuaga mama yangu. Huo ulikuwa ujinga mwingine. Ningekaa, ningeomba ngazi, ningefungua swichi mbele ya kikao chote, mambo yangekwisha pale pale. Badala yake nilijiona nimeonewa, na mtu anayejiona ameonewa hafikirii vizuri. Nilitaka wanifuate wanibembeleze. Hakuna aliyenifuata, na mama yangu nikamwacha chini ya holda ile kwa sababu ya kiburi changu. Nyuma yangu Ta Laurenti akatoa neno kwamba nisiguse tena waya katika nyumba ile.

Ila kuna kitu kilichokuwa kibaya kuliko kikao, na hiki sijamwambia hata mama yako. Nilianza kuamini. Usiku nilikuwa nalala naifunga upya sebule ile kichwani. Labda Muganyizi alisema bado na mimi nikasikia tayari. Labda boksi la darini nililigusa mimi na nimesahau. Nimekuwa kwenye kazi hii tangu mama yako hajanijua, na nikaanza kuitazama mikono yangu kama ya mtu mwingine. Ndipo nikaanza kuzunguka Kashai na Kagondo kwa wateja wangu wa zamani, nawaomba waniruhusu nipime holda zao tena, bure. Ulikuja na mimi. Ulibeba ngazi. Tulipima nyumba baada ya nyumba na hatukukuta swichi hata moja yenye kosa, na kila tulipotoka watu walibaki wanaulizana kwa nini fundi anarudi kukagua kazi yake mwenyewe kama hana jambo. Habari za Muleba zilikuwa zimeshafika mjini. Kwa hiyo simu ikaacha kuita.

Na wewe ulikuwa chini ya ngazi unanishikia, Kemilembe. Unanishikia isiteleze. Unajua.

Jumapili baada ya misa nilikukuta chumbani unakunja nguo. Nikakuambia kwa utani tu, ukifika kule usimwachie baba yako mdogo akufundishe kufunga holda. Ukaacha kukunja. "Tata waitu," ukasema, "ilikuwa nyutro. Alipitisha nyutro. Nilikuwa namshikia tochi."

Nikakuuliza, "Ulimwona?"

"Nilimwona. Nilimwambia hiyo ni nyeusi, baba mdogo. Waya mwekundu ulikuwa umeishia kwenye boksi, ilibidi ashuke akachukue mwingine apande tena darini. Akasema giza linaingia, taa itawaka tu, atakuja kurekebisha."

"Na alirekebisha?"

"Baada ya bibi kutoka hospitali alibadilisha kava. Akaweka lile jipya la kung'aa, lenye ukingo wa rangi ya dhahabu. Ndani hakugusa, nilikuwepo."

"Kwa nini hukusema kwenye kikao?"

Ukaikunja blauzi ile ile mara ya pili. "Alikuwa ameshaniahidi kazi, Tata."

Ndivyo ulivyosema, na angalau hukunidanganya kuhusu sababu. Nilisubiri useme kwamba sasa utasema. Ukasema, "Naomba usimwambie mtu kwamba nimekuambia."

Basi nikaelewa umenipa ile kweli kama mtu anavyompa mwenzake chakula dirishani, ale gizani, wenye nyumba wasijue. Mikono yangu nimerudishiwa, hilo nashukuru, nalala. Ila jina langu liko kule Muleba, kwa mama yangu, na wewe peke yako ndiye unayeweza kwenda kulichukua.

Jumatatu nilikuambia nakwenda Kagondo kwa mteja. Sikwenda Kagondo, nilikwenda kwa mama. Nilimkuta kwenye mkeka nje, mguu ameunyoosha, yule binti wa jirani anayemsaidia kazi anamenya ndizi. Alinipokea vizuri. Aliniuliza habari zenu mmoja mmoja. Niliingia sebuleni nikaliona hilo kava. Linapendeza kweli. Ukuta mzima umechakaa na katikati linang'aa kama jino la dhahabu, na taa imerudishwa kwenye holda yake.

Nikamwambia, "Mae, naomba nifungue hii swichi. Ni kazi ndogo."

Akasema, "Muganyizi amesharekebisha."

"Hajarekebisha, Mae. Amebadilisha kava."

"Umejuaje?"

Hapo mwanangu, jina lako lilikuwa mdomoni kwangu, limeshatoka kwenye koo. Kemilembe ameniambia, alikuwa darini, mwite. Maneno machache tu na mambo yote yangegeuka. Lakini ungejikuta umeitwa kikaoni kama mwizi, na kazi imekufa kabla hujaianza. Nikalimeza. Alichokiona yeye ni mwanawe mkubwa aliyekuja kumchongea mdogo wake.

Nikasema, "Basi nisikilize kitu kimoja. Mtu yeyote asiguse holda hiyo mpaka mzime meni swichi. Meni swichi, siyo hii."

Akanijibu taratibu, bila ukali, "Hivyo ndivyo ulivyotakiwa kuniambia ile siku."

Nilikunywa kahawa yake nikarudi. Kwenye gari nilikaa nyuma kabisa, nikajifunika kofia usoni. Kama ulishangaa kwa nini nilirudi nimeishiwa nauli, na waya niliobeba haujakatwa hata kidogo, ndiyo sababu.

Sasa nakuomba jambo, na ninakuomba kama fundi kwa fundi kwanza, kama baba baadaye.

Senene hawako mbali. Bibi yako hapandi tena stuli, ila yule binti anapanda, na atafanya kama alivyofanya bibi: atazima swichi, ataamini. Mimi nimekatazwa kugusa waya pale. Muganyizi hatafungua, kwa sababu akifungua atakuwa amekiri. Amebaki mtu mmoja ambaye anajua, ana ufundi, na anaruhusiwa kuingia. Ningependa asiwe wewe, maana najua nakutia kwenye nini. Ila ni wewe.

Nenda mchana, siku ya kwanza utakayopata nafasi. Pima kwanza: zima meni swichi, toa taa, kisha washa meni huku ile swichi ya sebuleni ikiwa imezimwa, gusa pini za holda kwa testa. Kama testa itabaki giza pini zote mbili, basi Muganyizi alirudi kurekebisha na mimi nitakwenda kumwomba radhi kwa magoti. Ikiwaka, nenda kwenye meni swichi, zima, rudi upime tena. Kisha panda darini. Vuta waya mwekundu kutoka kwenye boksi mpaka chini kwenye swichi, ile kazi ambayo yeye aliiona ndefu siku ile. Nyutro iende moja kwa moja kwenye holda. Nimekuwekea waya wa kutosha kwenye begi, chini ya lile blanketi, na testa yangu, hii yenye mpini wa njano uliokatika ncha. Nimekuwekea pia swichi ya kawaida nyeupe na kava lake. Lile la kung'aa litoe. Mrudishie Muganyizi, ni lake.

Ukimaliza, mwite bibi yako akae pale aone. Mfundishe yule binti. Washa, zima, toa taa, gusa holda kwa testa mbele yake, aone haiwaki.

Mengine sikuelekezi. Sitakuomba uitishe kikao wala umpigie Ta Laurenti. Nilifikiri kukuomba, nikaandika hapa, nikakata, mama yako akiuona huu mchoro wa wino atadhani nimemtukana mtu. Nimekata kwa sababu niliona haina haja. Mama yangu si mjinga. Akikuona umeshuka darini na vumbi usoni, na ile swichi iko wazi mbele yake na waya mweusi uliouchomoa umekuning'inia mkononi, atakuuliza swali lile lile la Ta Laurenti. Atauliza alifunga nani. Muganyizi hatakuwepo, mimi sitakuwepo, mtakuwa wawili. Utamjibu unachojibu.

Nataka pia ujue kwamba sikuombei mabaya kule. Muganyizi ni fundi mzuri siku ambayo hana haraka, na ana roho ya kucheka, utafurahi naye. Atakutendea vizuri. Mimi alinitendea vizuri miaka mingi, na mpaka leo nikipita Kemondo nageuza uso upande wa pili wa barabara nisiione ile nyumba. Wewe angalia kazi yake tu. Ifungue, hata akikuita mwanangu, hata akiwa ndiye anayekulipa. Na ya kwako mwambie aifungue. Tungekuwa tunafanya hivyo mimi na yeye, mama angekuwa anakwenda kanisani kwa miguu yake.

Kesho nitakubebea begi mpaka stendi. Nilikuwa nimeapa sitakwenda, na mama yako alishaanza kunitafutia kisingizio cha kukuambia. Nitakuja, ila usitegemee maneno. Nikifika kwenye gari nitakupa mkono, na ukitaka kulia, lia, mimi huenda nikatazama pembeni. Bado nina uchungu na wewe na sitaki uondoke ukidhani umekwisha. Haujaisha. Unaondoka ukiwa mwanangu na uchungu upo.

Kuna jambo la mwisho, la chumba chako. Unakumbuka ile swichi yako, ya kwanza kuifunga maishani? Nilizima meni, nikakuachia kila kitu, nikakaa kitandani nikikutazama. Ukaifunga juu chini. Nyumba nzima tunawasha kwa kubonyeza chini, chumbani kwako unawasha kwa kubonyeza juu. Nilipotaka kuigeuza ulikataa. "Tata, iache. Mwizi akiingia hataiweza." Mama yako mpaka leo akiingia kukuamsha anaipapasa na kuilaani. Lakini mimi niliifungua jioni ile ulipokwenda kuteka maji. Nilikagua. Waya mwekundu ulikuwa mahali pake, nyutro imekwenda kwenye taa, skrubu zimekazwa. Ulikuwa mtoto, na mkono wako haukutafuta njia ya mkato.

Leo jioni mama yako amesema kuna mwalimu anatafuta chumba, tumpangishe chako, na niigeuze hiyo swichi isimsumbue mgeni. Nimemwambia chumba hakipangishwi na swichi haiguswi. Akaniuliza, utamngoja mpaka lini? Nikamwambia nangoja simu ya mama yangu, ya kuniambia swichi ile alifunga nani.

Baba yako